Mtandao mpya wa kijamii: uingie mapema, usubiri, au uweke mguu huku na huku?

Kila unapozuka mtandao mpya wa kijamii, watu hawachukui muda kugawanyika. Kuna wanaousifu: kumetulia, watu wanasikilizana, hakuna matangazo, hakuna anayekusukumia video usizoziomba. Na kuna waliofungua akaunti, wakachungulia, wakaona patupu, wakatoka. Wa kwanza huwaona wa pili ni wazito wa kubadilika. Wa pili huwaona wa kwanza ni watu wa kukimbilia kila kipya.

Naona pande zote mbili zinaeleza kwa usahihi kile zilichokiona, ila zilikwenda kutafuta vitu tofauti. Anayetangulia kuingia huvutwa na mahali penyewe: palivyojengwa, kanuni zake, nafasi ya kusikika, uwezekano wa kukutana na mtu asiyemjua lakini anayependa analolipenda yeye. Mtumiaji wa kawaida hafuati mahali, anafuata watu wake. Uchache wa watu, ambao kwa mtangulizi ni sehemu ya utamu, kwa huyu mwingine ni sababu tosha ya kutorudi.

Makala haya ni kwa aliyekwama katikati. Amesikia habari za mtandao mpya, rafiki mmoja au wawili wamekwisha kuhamia, naye hajui kama awafuate.

## Kwanza, kwa nini wengi hawaji

Mwaka 1962 mwanasosholojia wa Marekani, Everett Rogers, aliwagawa watu kwa namna wanavyopokea jambo jipya. Wabunifu walikuwa asilimia 2.5, watangulizi asilimia 13.5, wengi wa mwanzo asilimia 34, wengi wa baadaye asilimia 34, na wa mwisho kabisa asilimia 16. Mgawanyo huo umerudiwa mara nyingi kiasi kwamba watu huutumia hata kwa mitandao ya kijamii: subiri tu, wengine watakuja.

Hapo pana kosa. Moja ya tafiti zilizojenga msingi wa fikra hizo ilihusu wakulima wa jimbo la Iowa na mbegu chotara za mahindi, na ilitolewa mwaka 1943. Mkulima akipanda mbegu chotara peke yake kijiji kizima, bado anavuna. Jirani akikataa, mavuno hayapungui. Mtandao wa kijamii hauko hivyo. Ukiingia peke yako huvuni kitu, hata kama umejengwa kwa ustadi wa hali ya juu. Kwa hiyo anayekataa kuingia kabla ya ndugu na rafiki zake si mtu aliyechelewa kuelewa. Amepiga hesabu yake sawasawa, na inaniudhi kuona mtu wa namna hiyo akidharauliwa na walioingia kabla yake.

## Njia tatu, na tutakachopima

Njia ya kwanza ni kuingia mapema na kuhamia kweli: unauweka mtandao mpya kuwa makao yako, unaposti huko kwanza, unajibu huko, na ule wa zamani unaufungua kwa nadra. Ya pili ni kusubiri: unabaki ulipo mpaka mtandao mpya ukomae, na huenda usiende kamwe. Ya tatu ni kuweka mguu huku na huku: unafungua akaunti, unajihifadhia jina, unatembelea mara kwa mara, lakini makao hayajahama.

Nitazipima kwa mambo sita. Watu utakaowakuta. Nafasi ya kusikika. Sauti yako katika ujenzi wa mtandao wenyewe. Kazi na muda unaotakiwa kutoa. Usalama, pamoja na uwezekano wa mtandao kufa. Na mwisho, kile unachoweza kuondoka nacho siku ukiamua kutoka. Uzito wa vigezo hivi si sawa, na cha kwanza kinastahili kuchunguzwa kwa kirefu.

## Watu utakaowakuta

Hesabu inayotajwa sana hapa ni ya Robert Metcalfe, mmoja wa waliobuni Ethernet, teknolojia ya kuunganisha kompyuta kwa nyaya. Anasema thamani ya mtandao hukua kwa kasi kuliko idadi ya watu wake, kwa sababu kinachoongezeka ni viungo kati yao. Watu 10 wana jozi 45 zinazoweza kuzungumza. Watu 100 wana jozi 4,950. Watu 1,000 wana jozi 499,500. Kwa hesabu hiyo mtandao mkubwa hushinda siku zote.

Lakini hakuna mtu anayehitaji jozi 499,500. Mtu ana watu wake wachache ambao wakiposti husoma, wakiuliza hujibu, wakinyamaza huwatafuta. Kwake, mtandao wenye mamilioni ya watu lakini usio na hao ni mtupu, na mtandao wenye mia chache tu ukiwa nao umejaa.

Facebook inaonyesha jambo hili vizuri. Ilianza Februari 2004 katika Chuo Kikuu cha Harvard, kwa wanafunzi wa pale tu, ikaenda chuo kimoja baada ya kingine, na haikufunguliwa kwa kila mwenye umri wa miaka 13 na zaidi mpaka Septemba 2006. Kwa idadi ilikuwa ndogo sana mwanzoni. Lakini mwanafunzi aliyefungua ukurasa wake hakukuta ugeni: alikuta wanadarasa wenzake, majirani wa bwenini, watu aliokula nao. Hata mwanafunzi wa kawaida, asiyejali teknolojia, alikuwa na sababu ya kurudi kesho yake.

Google+ ilikwenda njia nyingine. Ilianzishwa Juni 2011 na kampuni yenye uwezo mkubwa kupindukia, ikavutia haraka watu wa kompyuta na wapiga picha, ambao walipenda namna ilivyowawezesha kupanga marafiki katika miduara. Wengi waliopata akaunti baada yao hawakukuta cha kufanya. Oktoba 2018 Google yenyewe ilieleza kuwa asilimia 90 ya ziara za watumiaji zilidumu chini ya sekunde 5. Ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019.

Kuna njia ya mkato: mtandao mpya kuazima watu kutoka mtandao ambao tayari unao. Threads ilipozinduliwa Julai 2023 ilifikisha watu milioni 100 ndani ya siku tano, kwa sababu mwenye akaunti ya Instagram aliingia nayo na kuwakuta watu aliokuwa akiwafuata. Hata hivyo matumizi yalishuka sana katika wiki zilizofuata, kabla ya kupanda tena polepole. Kujisajili ni kitu kimoja, na kurudi kila siku ni kingine.

Sasa tulinganishe. Anayeingia mapema atawakuta wageni wenye mapenzi kama yake, na hapo ndipo penye raha: wachache, wenye hamu ya kufahamiana, wanaojibu. Asitegemee kumkuta shangazi yake. Vilevile ajiandae kwa jambo moja linalochosha, kwamba miezi ya mwanzo mazungumzo mengi huwa juu ya mtandao wenyewe. Unalinganishwaje na ule wa zamani, kitufe gani kinakosekana, nani amehamia leo. Mtangulizi hufurahia mazungumzo hayo. Mtu aliyekuja kutafuta mapishi, michezo au habari za ukoo huona wanazunguka palepale.

Anayesubiri huwakuta watu wake ama hawakuti kabisa, lakini hapotezi wakati kuwangoja ndani ya chumba kitupu. Hasara yake ni kwamba akifika, makundi yamekwisha kuundwa, na huchukua muda mtu kuingia katika mazungumzo ya watu wanaojuana.

Mwenye mguu huku na huku huona pande zote, ila kwa nusu nusu. Mtu amemuuliza swali Jumatatu, yeye anajibu Ijumaa. Njia mbili zilimshinda fisi, na nyingi ya akaunti hizi hufa bila mwenyewe kuamua zife.

## Nafasi ya kusikika

Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, alieleza kanuni ya kukadiria inayojulikana sana: katika jumuiya nyingi za mtandaoni, watu kama 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia kidogo, na 1 hufanya sehemu kubwa ya kazi. Usiichukue kama sheria. Lakini itumie kuutazama mtandao mchanga, uone kitu cha kuvutia: wanaotangulia wengi hutoka katika ile 10 inayoandika. Wasomaji hawajafika.

Kwa anayeandika, anayechora, anayefundisha au anayetunga, hali hiyo ina utamu wa pekee. Machapisho ni machache, mara nyingi yanapangwa kwa wakati yalipotumwa badala ya kuchujwa na algoriti, na mtu asiye na jina anaweza kujibiwa na mtu maarufu. Wafuasi wa mwanzo hupatikana kwa urahisi kuliko watakavyopatikana tena. Ndiyo sababu watangulizi huongea kuhusu mtandao mpya kwa shauku ambayo wengine hawaielewi: kwao umerudisha kitu walichokuwa wamenyang'anywa kwingine, yaani kusikilizwa.

Kwa anayesoma tu, faida hiyo haipo. Yeye anataka wingi na aina nyingi, na mtandao mchanga hauna. Huyu asubiri bila kujilaumu.

Kwa mguu huku na huku, kusikika hupatikana kwa kiasi. Kunakili posti ileile huku na kule kunakusaidia kuonekana, lakini katika mtandao mchanga watu hutambua haraka nani yupo na nani anadondosha tu matangazo yake na kuondoka. Ukichagua njia hii, afadhali posti moja kwa wiki unayorudi kujibu maoni yake kuliko kumi unazozitupa.

## Sauti katika ujenzi

Watangulizi huacha alama ambazo wengine huja kuzikuta kana kwamba zilikuwepo tangu awali. Alama ya reli tunayoweka mbele ya mada, #, haikubuniwa na kampuni ya Twitter. Ilipendekezwa Agosti 2007 na mtumiaji wake, Chris Messina, mwaka mmoja tu baada ya mtandao huo kuanza. Desturi ya kumtaja mtu kwa @ na ile ya kurudia posti ya mwingine zilianza pia mikononi mwa watumiaji. Kitufe rasmi cha kurudia kilikuja baadaye, mwaka 2009.

Sauti hiyo hupatikana wakati wajenzi bado ni wachache na wanasoma malalamiko wao wenyewe. Anayesubiri huipoteza, na hana budi kuzikubali desturi zilizowekwa na wengine. Mwenye mguu huku na huku huwa na sauti ndogo, kwa sababu watu huwasikiliza wanaoishi humo.

Ila sauti ya watangulizi ina upande wake mgumu. Kile wanachokijenga kwa mapenzi hugeuka ukuta kwa wanaofuata. Mastodon, mtandao unaoundwa na seva nyingi zinazoendeshwa na watu mbalimbali, ulioanzishwa na Eugen Rochko mwaka 2016, ulikuwa na desturi nzuri ambazo wenyeji wake walizitunza: kueleza picha kwa maandishi ili wasioona nao wafaidi, kuweka onyo kabla ya habari nzito. Elon Musk alipoinunua Twitter mwishoni mwa Oktoba 2022 na watu wengi kukimbilia Mastodon, wageni wengi walilalamika kwamba walikaripiwa kabla hawajaonyeshwa pa kukaa. Desturi zenyewe nazitetea. Lakini mtu aliyekuja akiwa na wasiwasi, akakaripiwa siku ya kwanza, harudi kusikia sababu zake.

Na wajenzi wanaosikiliza sifa za watangulizi peke yake hudanganyika. Kundi hilo huomba vitu ambavyo mtumiaji wa kawaida hatavigusa, na hunyamaza kuhusu vile vinavyomzuia mlangoni.

## Kazi na muda

Hapa tofauti ni ya wazi na haihitaji maneno mengi. Mtangulizi hufurahia kujifunza. Kuchagua seva ya Mastodon, kupanga orodha, kujaribu mipangilio, kuripoti hitilafu, kwake ni sehemu ya burudani. Mtumiaji wa kawaida akiulizwa "unataka seva gani?" kabla hajaona hata posti moja, hufunga ukurasa.

Mwaliko nao ni hivyo hivyo. Clubhouse, mtandao wa mazungumzo ya sauti ulioanza mwaka 2020, ulikuwa wa wenye iPhone na wenye mwaliko tu. Kwa waliopata, mwaliko ulikuwa heshima. Kwa wengine ulikuwa kufuli. Toleo la Android lilianza kutoka Mei 2021, na mialiko ikaondolewa Julai mwaka huohuo, lakini wimbi lilikuwa limeshaanza kupoa. Instagram nayo ilianza Oktoba 2010 kwa iPhone peke yake na kuja Android Aprili 2012, ila yenyewe ilivuka salama. Picha nzuri ilimfaa hata mtu ambaye rafiki zake hawajafika, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuwangoja. Ukitazama mtandao mpya, jiulize swali hilo: nikiwa peke yangu humu, kuna chochote cha kufanya?

Anayesubiri hutumia muda mchache kuliko wote. Mwenye mguu huku na huku, kinyume na anavyodhani, mara nyingi ndiye anayetumia mwingi, kwa sababu anahudumia sehemu mbili na arifa za pande zote zinamwita.

## Usalama, na uwezekano wa mtandao kufa

Mitandao ya kijamii hufa, na si ile midogo peke yake. Orkut ya Google, iliyopendwa mno Brazil na India, ilianza Januari 2004 na kufungwa Septemba 2014. Path, iliyoanza mwaka 2010 ikimruhusu mtu kuwa na marafiki 50 tu, ilifungwa mwaka 2018. Vine ya video za sekunde 6 ilianza Januari 2013, na Oktoba 2016 ikatangazwa kuwa inafungwa. Waliojenga jina Vine na kuwahi kuwaelekeza watazamaji wao YouTube au Instagram waliokoa kazi yao.

Mtandao mchanga pia huwa na wafanyakazi wachache wa kudhibiti matusi, utapeli na unyanyasaji. Hive Social ilipofurika wageni Novemba 2022, watafiti wa usalama waligundua matundu makubwa, na ikalazimika kuzima seva zake kwa muda ili kuyaziba. Timu ndogo haishindwi kwa sababu ya uzembe. Mara nyingi hushindwa kwa sababu watu wamekuja wengi kabla ya kuta kukamilika.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ukubwa ni usalama. Mwaka 2018 Facebook ilikiri kwamba huenda taarifa za watu hadi milioni 87 ziliifikia Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa, bila ridhaa yao. Mtandao mkubwa una walinzi wengi, lakini una pia vingi vya kuibwa.

Na utulivu wa mwanzo ule unaosifiwa, ule wa kukosekana kwa matangazo, mara nyingi unalipiwa na fedha za wawekezaji. Fedha hizo hutaka kurudi. Kabla ya kuhamia, tafuta kujua mtandao unapata wapi pesa au unakusudia kuzipata wapi: michango, malipo ya mwezi, matangazo, au bado hausemi. Usiposema, chukulia kwamba ni matangazo.

Kwa kigezo hiki anayesubiri yuko salama zaidi, mwenye mguu huku na huku anafuata, na anayehamia kweli ndiye anayebeba hatari kubwa. Lakini hatari hiyo hupunguzwa sana na kigezo kinachofuata.

## Unachoondoka nacho

Mtu anayetaka kuingia mapema aanze kwa kuuliza mlango wa kutokea uko wapi. Mitandao haifanani kwa hili. Mastodon inakuruhusu kuhama seva moja kwenda nyingine na wafuasi wako, ingawa machapisho ya zamani hayaendi nawe. Bluesky, iliyofunguliwa kwa wote Februari 2024 baada ya kipindi cha mialiko, inakuruhusu kutumia anwani ya tovuti yako mwenyewe kuwa jina lako, kwa hiyo jina linabaki lako. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika mwaka 2018 inampa mtu haki ya kupata nakala ya taarifa alizotoa, na mitandao mingi mikubwa ina sehemu ya kupakua kumbukumbu zako popote ulipo.

Hata hivyo karibu hakuna mtandao wa kampuni moja unaokuruhusu kuwachukua watu. Unapakua picha na maneno, wale uliokuwa ukizungumza nao wanabaki ndani. Hili linamhusu hata anayesubiri: kubaki katika mtandao wa zamani si kubaki katika kitu unachokimiliki. Mwenye mguu huku na huku ana nguvu hapa kuliko wote wawili, maana tayari ana mahali pa pili ambapo baadhi ya watu wake wanaweza kumpata.

## Njia ipi inamfaa nani

Kuingia mapema kunamfaa mwenye kitu cha kutoa na asiyeogopa kuzungumza na wageni. Kunamfaa mwenye fani au mapenzi mahususi, ambaye watu wa aina yake huhama pamoja. Baada ya Twitter kununuliwa Oktoba 2022, watafiti na waandishi wengi walihama kwa makundi, na Bluesky ilipoanzisha vifurushi vya kuanzia mwaka 2024, orodha za watu wa mada moja unazoweza kufuata kwa mguso mmoja, jambo hilo likawa rahisi zaidi. Pia kunamfaa anayetaka kushiriki kuweka desturi, sharti awe na subira na wanaokuja nyuma.

Kusubiri kunamfaa anayetumia mitandao kuwasiliana na ndugu, marafiki na watu wa eneo lake. Kunamfaa msomaji, mwenye muda mchache, na yeyote ambaye kupoteza picha au mazungumzo kungemuuma. Ni uamuzi kamili, wenye sababu, na hauhitaji kuombewa radhi.

Mguu huku na huku unamfaa ambaye kazi yake inategemea kuonekana na hataki kuumia mtandao mmoja ukianguka. Unamfaa pia aliyechoshwa na mtandao aliomo lakini watu wake bado wako humo. Ninamshauri tu ajiwekee kipimo tangu mwanzo: mtandao upi ni makao, na upi ni wa kutembelea.

## Kulingana na hali yako

Unataka kuwa karibu na familia. Baki walipo. Ukiutamani mtandao mpya kwa sababu ya faragha au utulivu, usihame peke yako ukitarajia wakufuate. Zungumza na mtu yule ambaye wengine humfuata, na mhame kama kundi, siku moja.

Unaandika, unachora, unatunga au unafundisha. Ingia mapema, lakini uwe na kitu nje ya mitandao kinachobaki chako, tovuti au orodha ya barua pepe za wasomaji, na uielekeze hadhira yako huko tangu wiki ya kwanza.

Una biashara ndogo. Jihifadhie jina katika mtandao mpya hata kama hutaposti, ili mtu mwingine asilichukue. Kisha tazama wateja wako wako wapi. Wasipokuwepo bado, muda wako una matumizi mazuri zaidi kwingine.

Umechoshwa na matusi na kelele ulipo. Jaribu kwanza kupunguza unaowafuata, kuzima arifa na kuzuia akaunti zinazokuudhi. Kelele ikibaki baada ya hapo, mtandao mchanga utakupumzisha, ingawa utulivu huo unaweza kupungua watu wakiongezeka.

Unamfungulia mtoto au kijana. Subiri. Angalia kama mtandao una njia ya kuripoti, kama unajibu ripoti, na kama mgeni anaweza kumtumia ujumbe bila ruhusa. Majibu ya maswali haya mara nyingi hayapatikani yote katika wiki za mwanzo za mtandao.

Umealikwa na rafiki mmoja tu. Muulize huwa anazungumza na nani humo, na mambo gani. Kama mnapenda yaleyale, fungua akaunti, wafuate watu anaokutajia, na ujibu posti za wengine kabla ya kuandika zako.

Ulihama zamani kidogo na bado uko peke yako. Chagua watu wachache unaotamani kuwa nao, mwandikie kila mmoja moja kwa moja, na mkubaliane mada moja mtakayokutana nayo huko. Wasipokuja, zima arifa, bakiza akaunti ili jina lisichukuliwe, na uweke maelezo mafupi kwenye wasifu wako ya mahali unapopatikana.